Ziwa Lililosogezwa kwa Kidole

Asajile alinyoosha kidole, akasogeza ziwa.

Alilisogeza taratibu, kama mtu anayemwondolea mwenzake kijiti begani, huku mdomo wake ukiendelea na habari nyingine kabisa. Alikuwa anazungumzia mablanketi: kwamba mawili yanatosha, kwamba la tatu ni mzigo wa bure. Kizibo cha soda kikakwaruza ungo, kikapita kando ya kilima cha ulezi, kikatulia nyuma yake, upande wa huku. Kisha akanyanyua kikombe chake akanywa chai.

Nje upepo wa Juni ulikuwa unayasumbua mabati. Mimi nilihisi baridi nyingine, iliyoanzia miguuni na kupanda, kama mtu aliyeingia majini bila kuvua viatu. Kile kizibo kilikuwa kimefika mahali pake. Ziwa lile liko hapo hasa, nyuma ya kilima, upande wa huku. Na mimi Leonidas, ambaye mji wa Sumbawanga unaniita Mzee Chumvi, sikuwahi kumwambia mtu yeyote aliye hai kwamba liko hapo.

Jina la Chumvi nimelitolea jasho. Niliendesha greda la serikali mpaka nikastaafu, na mtu anayelima barabara siku nzima peke yake, akila vumbi, ni lazima arudi mjini na kitu cha kusimulia. Nimesimulia jinsi nilivyosawazisha tuta kule Kasesya, kumbe ni chatu amelala. Alipoamka akajinyoosha, akavuka mpaka kuingia Zambia bila kugongewa muhuri. Nimesimulia upepo wa Ufipa ulioninyang'anya kofia Jumatatu na kunirudishia Alhamisi, ikiwa imefuliwa. Shule niliiacha mapema. Kusoma nilijifunzia kwenye magazeti ya kufungia maandazi, ndiyo maana habari nyingi nazijua nusu, na nusu nyingine najazia mwenyewe. Watu hawakuwahi kulalamika. Walikuja na vigoda vyao, wakakaa, wakadanganywa kwa hiari yao.

Katika hadithi zangu zote moja tu ilikuwa ya kweli, na ndiyo waliyoicheka kuliko zote.

Nilipomwoa Rosina, kwao ilikuwa Muze, kule chini bondeni, ambako joto linamfanya mtu atembee kama ameazimwa miguu. Siku ya kumleta huku juu mvua ilikuwa imeikata barabara, tena barabara niliyoilima mimi mwenyewe, na ndugu zake walinitania sana kwa hilo. Tukaamua kupita milimani, kuikwea Mbizi kwa miguu, yeye na begi lake kichwani, mimi na aibu yangu. Ukungu ukatufunika. Njia ikapotea. Tulipotea vizuri sana, nikisema ukweli wangu, maana ukungu ulipofunguka tulikuwa juu kabisa, kwenye majani mafupi yenye umande, na mbele yetu kulikuwa na maji. Maziwa matatu, yametulia kama vyombo vilivyooshwa vikasahaulika nje. Rosina ndiye aliyeyapa majina. Kubwa akaliita Chungu. La pili akaliita Bakuli. Lile dogo kuliko yote, linaloweza kuzungukwa na mtu akiwa bado anatafuna kipande kilekile cha muhogo, akaliita Kikombe.

Pale Kikombe ndipo mahali pa mwisho unapoweza kuliona bonde la kwao. Katika ukoo wa mama yake, binti anayeolewa huku juu huacha jiwe mahali hapo, na anayemchukua huweka lake juu ya jiwe hilo, kuahidi kwamba siku moja atampitisha tena njia ileile akasalimie. Rosina akaweka lake, jeusi, pana kama sahani. Nikaweka langu. Likakubali kukaa.

Kusalimia tulikwenda miaka yote, lakini kwa gari, kwa barabara ya kuteremkia bondeni. Kila tulipofika kwenye kona ambapo mlima unaonekana wote, Rosina alikuwa akiutazama na kusema, "Baba Kalista, lini tutapita juu?" Nami nilikuwa namjibu, "Tukishavuna." Tulivuna mara nyingi. Halafu akaugua, akafariki, nami nikabaki na ahadi ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa ni miguu yangu.

Sasa nieleze ule ujanja wangu, maana bila huo hadithi hii isingekuwepo.

Maziwa yale niliyasimulia kwa kila mtu, na niliyatia chumvi kama kawaida. Kwenye Chungu nilimweka samaki mwenye ndevu aliyeniuliza habari za ndugu zake wa ziwani Wampembe. Lakini Kikombe nilikihamisha. Katika hadithi yangu kilikuwa ng'ambo ya Chungu, upande wa jua linapochomoza, chini ya mwamba mfano wa ng'ombe aliyelala. Huo mwamba upo kweli, ila chini yake hakuna kitu zaidi ya matope na nyayo za pongo. Kikombe chenyewe kiko nyuma ya kilima, kabla hujafika Chungu. Anayelikimbilia ziwa kubwa hukipita bila kukiona. Nilifanya hivyo ili mtu akitaka kuyafikia mawe yetu, anihitaji mimi. Nyumba nzima niliwaachia wazi, ufunguo wa chumba kimoja nikautia mfukoni. Hata watoto wangu niliwasimulia hivyohivyo. Rosina tu ndiye aliyejua, na kila niliposimulia, sauti yake ilitoka jikoni ikiwa na kicheko ndani yake: "Leo tena umekihamisha?"

Asajile ni Mnyakyusa. Aliletwa huku akiwa bwana mifugo kijana, akachanja ng'ombe wa nchi hii mpaka na yeye akastaafu, na kwao Rungwe akawa anakwenda kama mgeni. Tulikuwa tunataniana hadi watu wasiotujua wanakaa katikati kutuamua. Lakini Rosina alipozikwa, na turubai likafunguliwa, na masufuria ya watu yakarudishwa, yeye alibaki. Alikaa barazani kwangu jioni nyingi bila kusema kitu, na kwa Mnyakyusa hiyo ni sadaka kubwa. Jioni moja akasema, "Yale maziwa yako, Mfipa. Twende."

Nikamwambia, "Wewe unaamini yapo?"

"Ningekuwa siamini ningesema twende?"

Hakuna mtu aliyewahi kunipa zawadi kama hiyo.

Ndipo ukaja ungo. Ulikuwa ungo wa Rosina, nao tulikuwa tunaumwagia ulezi juu ya meza, tunaufinyanga kwa viganja: hapa mji, hapa msitu wenye mbega wekundu, hapa mgongo wa Mbizi, huku tunabakiza utupu kuwa bonde la Rukwa. Vizibo vya soda vikawa maziwa. Kila Jumamosi tulikuwa tunapanda mlima kwa vidole. Tulibishana kuhusu dagaa na bisi, kipi kinakaa zaidi tumboni. Nilitoa buti zangu za kazini uvunguni, nikazipaka mafuta ya ng'ombe mpaka panya wakaanza kuziheshimu. Tulitembea mpaka Pito na kurudi, kuizoesha miguu, na kule watoto wa shule anakofundisha binti yangu Kalista walitutazama kama maandamano ya watu wawili. Siku moja kuku waliingia ndani wakala nusu ya Mbizi. Asajile alisema hiyo ni heri, mlima umepungua.

Safari tu ndiyo haikuwa inaanza. Mara goti la Asajile. Mara mvua zimechelewa kukatika. Mara tungoje watu wavune, tupate ulezi mpya. Kisha mwezi wa tano akaja asubuhi moja, kofia mkononi, kuniambia amefiwa na shangazi yake kule Rungwe, anasafiri. Nilimpa pole. Nilikaa naye. Na kwa kuwa mtu haendi msibani mikono mitupu, nilimfungashia unga wa ulezi, ule mzuri, uliosagwa kwa ajili ya safari yetu, nikamwambia awape wafiwa wapike uji. Aliupokea kwa mikono miwili. Wiki hiyohiyo Kalista aliaga kwamba anakwenda semina Mpanda.

Mambo hayo mawili yalikaa kichwani mwangu mbalimbali, kama watu wasiofahamiana, hadi Jumamosi ile kizibo kilipotembea.

Kudanganya ni kazi, na mwenye kazi hukagua kwanza. Nikakisogeza kidogo kizibo kingine, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Usiku wa kwanza tutalala chini ya mwamba wa ng'ombe. Pana nyasi laini pale, pakavu."

"Pale pana tope mpaka—" alisema Asajile.

Chai ikawa inatoa mvuke kati yetu.

"Unga wangu ulitosha?" nikamwuliza.

"Unga upi?"

"Ule wa msiba."

Alitazama ungo. Alitazama dirisha. Bwana mifugo amewatazama ng'ombe wengi machoni akijua watakufa, lakini mimi hakunitazama.

"Ulitosha," akasema.

Shangazi hakuwepo. Msiba haukuwepo. Uji wa wafiwa ulipikwa juu ya mlima wangu, kando ya maji niliyoonyeshwa na ukungu siku ya ndoa yangu, akaunywa mtu aliyeniambia niwe na subira kwa sababu ya goti.

"Mtu haendi kule peke yake," nikasema. "Ulikwenda na nani?"

Macho yake yalikwenda mlangoni kabla hajayazuia. Kalista alikuwa amesimama pale, sweta limefungwa kiunoni, chupa ya chai mkononi. Alikuwa amekuja kutuongezea. Alikitazama kizibo mahali kilipo, akaelewa kila kitu mara moja. Ana akili ya mama yake.

"Baba," alisema, "mimi ndiye niliyemwomba baba mdogo anipeleke. Tulikuwa tunatafuta lile ziwa dogo chini ya mwamba, kama ulivyosema siku zote. Tukarudi tumekata tamaa, ndipo tukaliona. Nilitaka kuona kwanza."

"Kuona nini?"

"Kama yapo."

Nimeitwa mwongo na watu wazima, na mara moja na padri, akiwa na mkate wangu mdomoni, nami nilicheka pamoja nao. Lakini hilo neno "kama" sikuwahi kufikiri litatoka kwa mtoto wa Rosina. Ningemwelewa angesema alitaka kuliona jiwe la mama yake. Yeye alikwenda kunikagua. Alikwenda na mtu ambaye jioni ile barazani aliniambia anaamini, na ambaye, sasa niliona, alihitaji kuyagusa maji kwa mkono ndipo aamini. Waliyaamini maziwa. Mimi hawakuniamini.

"Na mlipoona yapo, mbona hamkusema?"

Kalista akaweka chupa chini. "Ile siku tuliyokwenda hospitali, kabla ya Krismasi. Daktari alisema kwa moyo wako huo, mlima usahau."

"Mimi aliniambia nipunguze chumvi."

"Sisi alituambia mengine."

Nikageuka kwa Asajile. "Kwa hiyo tangu kabla ya Krismasi unajua kwamba siendi."

"Najua."

"Na huu ungo? Na mablanketi? Sasa hivi ulikuwa unaniambia mawili yanatosha."

Alipangusa mkono juu ya meza, akakusanya punje za ulezi zilizotoka nje, akazirudisha moja moja mlimani. "Ulikuwa unafurahi, Leo," alisema. Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayetaja zawadi aliyokuwa hana nia ya kuitaja.

Nikaziona Jumamosi zote zikigeuka na kunionyesha mgongo. Goti. Mvua. Ulezi mpya. Pito na kurudi, wawili tu, yeye akijua tunatembea bure, mimi nikihesabu nguvu. Hata wale kuku. Watu wangu mimi nawadanganya wakijua. Wanaleta vigoda vyao. Mimi sikuletewa kigoda. Nilikalishwa ndani ya uongo nikadhani ni nyumba yangu.

"Mawe mmeyaona?" nikauliza. Sauti yangu niliisikia kama inatoka chumba cha pili.

"Tumeyaona, baba," alisema Kalista. "Yamekaa vilevile, lako juu ya la mama. Nikaweka na langu juu yake. Jiwe jeupe."

"Mimi sikuweka," alisema Asajile. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Asubuhi yake, Jumapili, wakati Kalista yuko misa ya kwanza, nilivaa buti nikatoka. Sikuchukua dagaa wala blanketi. Nilipita nyuma ya mashamba yaliyovunwa, nikaupata mlima unapoanza kuinuka, nikaanza nao. Kwa muda kidogo nilikuwa kijana. Hilo nalisema bila chumvi. Kisha kifua kikafunga mlango. Nilikaa chini penye majani, nikasikia moyo unagonga kama mgeni aliyekataliwa, na upepo unateremka kutoka juu ukiwa na harufu ya maji, au labda hiyo nimeijazia. Kutoka pale bonde halionekani. Hauonekani hata mgongo wa mlima wenyewe. Kinachoonekana ni mteremko tu, na juu yake mteremko mwingine.

Walikuwa sahihi. Hilo ndilo ambalo mpaka leo sijawasamehe.

Niliporudi Kalista alikuwa amekaa kizingitini na nguo zake za misa, macho mekundu. Alinivua buti, kwanza ya kushoto, kisha ya kulia, akazipeleka ndani. Mimi nikaubeba ungo mpaka uani, nikaimwaga Mbizi yote na msitu wake na mji. Kuku wakaimaliza. Vizibo viwili nilivitupa. Kile kidogo kimo mfukoni mwa koti langu mpaka sasa. Kimeshatoboa bitana mara mbili, na Kalista ameishona mara mbili bila kuuliza kinachotoboa.

Na Asajile hatukugombana. Watu walitazamia tugombane, tukawanyima. Anakuja kijiweni kwetu, pale nje ya kinyozi, anasalimia, anakaa upande wake. Tunataniana bado, ila utani wenyewe umekuwa kama chai iliyopashwa moto. Jumamosi hatukutani. Blanketi lake moja bado liko kwangu. Hajalidai, nami sijampelekea.

Juzi alikaa nasi dereva wa lori, kijana wa Mbozi aliyeharibikiwa akitoka Kasesya, anangoja spea. Vijana wakanichokoza: Mzee Chumvi, mpe mgeni yale maziwa. Sikuwa nimeyasimulia tangu siku ya ungo. Nikasita, kisha nikaanza. Nikampandisha mlimani kwa ukungu, nikamwonyesha Chungu, nikamleta samaki mwenye ndevu. Nikamjibu samaki kwamba ndugu zake wa Wampembe hawajambo. Nikafika kwenye Kikombe. Nikakiweka ng'ambo, upande wa jua linapochomoza, chini ya mwamba mfano wa ng'ombe aliyelala. Nilikiweka pale taratibu, neno kwa neno, huku namtazama Asajile.

Yule dereva akacheka, akapangusa macho. "Sasa mzee, shikamoo yako naiheshimu," alisema, "lakini katika watu wote hawa kuna hata mmoja aliyewahi kufika huko akayaona?"

Kinyozi alizima mashine. Sijui kwa nini aliizima wakati ule.

"Mwulize bwana mifugo," nikasema. "Yeye hajui kudanganya."

Wote wakageuka. Asajile alikuwa ameinamia viatu vyake. Kwenye mshono wa kiatu cha kulia bado kulikuwa na udongo mweusi ambao mjini hapa haupatikani, nami nilikuwa nimeuona tangu mwezi wa tano nikadhani ni wa Rungwe. Angesema ndiyo, wangeniamini wote, hadithi yangu moja ya kweli ingepata shahidi, na asubuhi nusu ya vijana wale wangekuwa njiani kwenda mlimani.

"Mimi?" alisema. "Mimi sijafika."

Vijana wakaangua kicheko, dereva naye. Asajile hakucheka, wala hakuinua macho. Kinyozi akawasha mashine yake. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, nikakizungusha kizibo kwa kidole gumba, kisha nikaendelea na hadithi pale nilipoishia, penye matope, ambapo hakuna ziwa.